Kitambaa Cheupe: Namna ya Kuipima Injini ya Pikipiki Iliyojengwa Upya

Kujenga upya injini ya pikipiki ni kazi ya vipimo na usafi, na yote mawili hukamilika kabla injini haijawashwa. Lakini kwenye steji za bodaboda kuanzia Busia, kupitia Amukura hadi Malaba, kazi hii husifiwa baada ya injini kuwashwa, na husifiwa kwa masikio. Pikipiki ya Boxer hutoka gereji ekzosti ikiwa imetobolewa, bloku imepakwa rangi ya fedha, inanguruma mpaka watu wanageuka, na jina la fundi linaenea mchana huohuo. Baada ya miezi michache inakula oili, na anayelaumiwa ni dereva. Sifa za aina hii zinawaharibu vijana wanaojifunza ufundi. Ni haki vigezo vyenyewe vitajwe kwa utaratibu, kuanzia chini ya injini kwenda juu.

Cha kwanza ni krankshafti. Bloku ikishatolewa, konrodi huinuliwa hadi juu kabisa, kisha husukumwa na kuvutwa wima. Ikicheza hata kidogo kwa mwelekeo huo, beringi yake imekwisha, wala hakuna pistoni mpya itakayoiokoa. Kucheza kwa ubavuni ni jambo jingine. Nafasi hiyo imeachwa na kiwanda. Wapo wanaoyachanganya haya mawili na kumnunulisha mteja krankshafti asiyoihitaji. Wapo pia, nao ni wabaya zaidi, wanaofunga bloku mpya juu ya konrodi iliyokufa. Mteja ambaye hakuelezwa hali ya konrodi yake kabla ya kutumwa spea yuko mikononi mwa mtu anayebahatisha.

Kisha huja bloku. Boxer 150 hutoka kiwandani na tundu la milimita 56, na pistoni yake husafiri milimita 58.8, yaani sentimita za ujazo 144.8. Pistoni za ovasaizi huongezeka kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Hata kwa hatua ya mwisho ujazo hufika 150 tu, ongezeko lisilotimia asilimia 4. Kwa hiyo dereva anayetamba kwamba pistoni ya 1.00 imeipa pikipiki yake nguvu mpya amerudishiwa kompresheni aliyokuwa ameshaipoteza. Si jambo dogo, ila lisiitwe jina lingine.

Fundi wa kweli hapeleki bloku peke yake kwenye mashine ya boringi. Huipeleka pamoja na pistoni itakayokaa ndani yake. Pistoni hupimwa kwa mikromita chini kwenye sketi, upande usio na pini, na tundu hutanuliwa kuifuata hiyo, likiacha nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Spea ziwe zimetoka Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka kule Kampala, namba iliyogongwa kichwani mwa pistoni haitoshi kuwa kipimo. Anayetanua kwa kusoma namba huacha pistoni ikigonga ukuta injini ikiwa baridi, au ikikwama ikipata moto.

Baada ya kutanuliwa, ukuta wa tundu hupigwa mawe ya honingi mpaka uonyeshe mistari myembamba inayopishana kwa pembe ya digrii 45 hadi 60. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzifanya ringi zikae. Bloku ikielekezwa juani, mistari huonekana wazi. Wenye njia za mkato husugua msasa kwa vidole, juu na chini, wakaacha mistari ya wima, na kila mstari wa wima ni njia ya oili kupanda na moto kushuka. Ukuta unaometameta bila mstari wowote humfurahisha mteja, nao ndio mbaya kuliko yote, maana ringi hazitakaa humo kamwe.

Lakini jambo ambalo asiye fundi halioni kabisa, na ambalo hata mafundi wenye majina makubwa hulivuka, ni kuosha. Mawe ya honingi huacha unga mkali ndani ya mistari ileile yaliyoichora. Petroli haiutoi, huondoa mafuta na kuuacha unga umejibanza. Hewa ya kompresa haiutoi. Dizeli, inayopendwa sana kwa kuwa ipo karibu, haiutoi. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni nyingi na brashi, bloku isuguliwe kwa kufuata mistari mpaka povu liwe jeupe. Ikaushwe papo hapo na kupakwa oili, kwa kuwa slivu ya chuma hushika kutu mara moja. Ndipo kinapochukuliwa kitambaa cheupe chenye oili safi kidogo na kupitishwa ndani ya tundu. Kikitoka na kijivu, hata kijivu cha kubahatisha macho, bloku hurudi kwenye beseni. Huoshwa mara ya pili, ya tatu, ya nne ikibidi, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Unga ukibaki, unaendelea kuwa msasa: hula ringi, hula sketi ya pistoni, kisha husafiri na oili hadi kwenye beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Wazee waliozitunza Suzuki na Yamaha za stroki mbili za maafisa wa kilimo walikuwa na beseni na kipande cha sabuni kwenye gereji kama walivyokuwa na spana. Fundi mmoja wa upande wa Malaba alikuwa akimkabidhi mwenye pikipiki kitambaa apitishe mwenyewe, wala hafungi pistoni mpaka mteja aridhike. Alilalamikiwa kuwa anachelewa, lakini pikipiki alizofunga hazikurudi na moshi. Mwingine aliyejulikana njia hiyohiyo alikuwa akiimwagia bloku oili nyingi kabla ya kuionyesha, ili kijivu kimezwe na mng'ao. Yeye ndiye aliyekuwa na foleni. Leo beseni limetoweka karibu kila mahali, na ni hasara ambayo hakuna spea ya kuiziba.

Ringi hazifungwi zilivyotoka kwenye pakiti. Kila moja huingizwa tunduni peke yake, ikasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, kisha mwanya wake hupimwa kwa fila geji. Kwa tundu la milimita 56, mwanya wa takriban 0.2 unafaa. Alama hukaa juu na mianya haipangwi mstari mmoja.

Kwenye hedi ndipo nguvu halisi inapopatikana, na ndipo panapotazamwa kidogo kuliko kote. Valvu zikishasagwa, petroli humiminwa kwenye njia ya hewa na kuachwa. Tone likijitokeza kwenye kiti cha valvu, kazi haijaisha. Gasketi ya kabureta ikichungulia ndani ya njia ya hewa, hukatwa ilingane na tundu. Dakika chache za kisu hapo huzidi kabureta kubwa iliyonunuliwa kwa mbwembwe. Tapeti za pikipiki ya CG125 huachiwa milimita 0.08. Mlaghai huzibana zaidi ya hapo ili injini ikae kimya mbele ya mteja, na valvu ya ekzosti huungua taratibu.

Ekzosti haitobolewi. Sproketi ya mbele ikiongezwa kutoka meno 14 hadi 15, mwendo huongezeka kwa mizunguko ileile, lakini nguvu ya kupandia mlima na gunia nyuma hupungua. Huo ni uchaguzi wa dereva, usiuzwe kama ufundi. Kuchonga hedi ili kupandisha kompresheni ni hatari mahali ambapo petroli huuzwa kwa chupa. Tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa juu ya mafuta ya taa nchini Kenya mwaka 2018 ililenga uchanganyaji, lakini petroli iliyotiwa mafuta ya taa bado hugongesha injini ya kompresheni ya juu na kutoboa pistoni.

Silikoni isionekane nje ya maungio. Inayoonekana nje imejaa ndani pia, na vipande vyake huziba chujio la oili. Injini isipakwe rangi. Bolti za hedi hukazwa kwa spana ya torki, kwa mshazari, kwa awamu.

Injini mpya haiachwi ikiunguruma mahali pamoja siku nzima, desturi inayozifanya ringi ziteleze bila kukaa. Huendeshwa siku hiyohiyo kwa mzigo mwepesi, kasi ikipanda na kushuka. Oili ya kwanza humwagwa mapema, ikiwa bado safi kwa macho. Kufikia kilomita 500 pikipiki hurudi kwa fundi, oili hubadilishwa tena, bolti za hedi hukaguliwa, na tapeti hupimwa injini ikiwa baridi. Malipo ya mwisho hutolewa hapo.