Bendera na Boila: Kuzama kwa Pegasus Katika Magazeti ya 1914

Gazeti la zamani lina jambo ambalo kitabu cha historia hakiwezi kuwa nalo: halijui mwisho. Mwanahistoria anapoitaja manowari ya Kijerumani Königsberg, tayari anajua kwamba iliishia katika matope ya Rufiji mwezi Julai 1915. Anapoitaja Emden, anajua kwamba ilisambaratishwa katika visiwa vya Cocos tarehe 9 Novemba 1914. Gazeti la Septemba 1914 halikujua lolote kati ya hayo. Liliandika likiwa na hofu na majigambo kwa pamoja, na mara nyingi sentensi moja ilibeba yote mawili. Kwa sababu hiyo taarifa za vita vya baharini vya miezi ile ya mwanzo zinastahili kusomwa kama yasomwavyo maandishi ya fasihi, neno kwa neno, kwa kuangalia kipi kimetangulizwa, kipi kimechelezwa na kipi kimeachwa nje.

Kwa msomaji wa visiwani hakuna taarifa inayofaa zaidi kwa zoezi hilo kuliko ile ya kuzama kwa Pegasus, kwani tukio lenyewe lilitokea mlangoni pake. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, mwezi wa Mfunguo Mosi ukiwa ukingoni, Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja na kuifyatulia mizinga manowari ya Kiingereza iliyokuwa imetia nanga. Pegasus ilikuwa chombo cha 1897, chenye mizinga minane ya inchi 4. Königsberg ilishushwa majini 1905 na ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Kwa tundu la mzinga, tofauti ni ya milimita chache tu. Kwa masafa, tofauti ilikuwa ya uhai na kifo: risasi za Pegasus zilianguka baharini kabla ya kumfikia adui. Mapigano, kama yaitwe mapigano, yalikwisha kwa muda mfupi, na siku hiyohiyo Pegasus ikazama.

Taarifa iliyochapishwa katika magazeti ya Uingereza na makoloni yake ilitoka wizara ya jeshi la majini, London. Ni fupi, na ufupi wake umepangwa. Haianzi na kuzama, bali na ushindi. Inasema kwanza kwamba Pegasus, chini ya Kamanda John Ingles, ikifanya kazi kutoka Unguja, iliiangamiza Dar es Salaam, ikaizamisha meli ya Kijerumani Möwe pamoja na chelezo kinachoelea. Baada ya hapo ndipo msomaji anaambiwa kwamba meli hiyo ilishambuliwa saa kumi na moja alfajiri ilipokuwa imetia nanga ikisafisha boila na kutengeneza mitambo. Zinafuata tarakimu: 25 wameuawa, 80 wamejeruhiwa, katika mabaharia 234. Kisha ikaja bendera. Mlingoti ulipigwa, bendera ikaanguka, askari wa majini wakaishika kwa mikono yao.

Mpangilio huu si wa bahati. Mshairi yeyote anajua kwamba beti hukumbukwa kwa kituo chake, na mwandishi wa taarifa ile, awe nani, alilijua hilo. Aliiweka bendera pale ambapo sikio la msomaji litabaki nayo. Alifanikiwa: hadi leo simulizi za Pegasus kwa Kiingereza hazikosi ile bendera, ilhali zile boila hutajwa kwa haraka kama kosa la fundi.

Lakini sentensi nzito katika taarifa yote ni hiyo ya boila. Ndani yake mna ungamo zima. Meli pekee ya kivita ya Kiingereza iliyokuwapo bandarini ilikuwa imezima moto wake, haiwezi kwenda, wakati adui alikuwa hajulikani aliko. Na adui huyo hakuwa mgeni katika bahari hii: tarehe 6 Agosti 1914 Königsberg ilikuwa imekwisha kuiteka City of Winchester, meli ya kwanza ya biashara ya Kiingereza kutekwa katika vita hivyo. Taarifa haisemi nani aliamua kwamba Jumapili ile ni siku salama ya kusafisha boila. Inautaja usafi kana kwamba ni hali ya hewa, jambo lililojitokea lenyewe.

Ama ile sentensi ya mwanzo, ya kuiangamiza Dar es Salaam, inahitaji kusomwa kwa shaka kubwa zaidi. Mji haukuangamizwa. Kilicholengwa mwezi Agosti kilikuwa mlingoti wa simu ya upepo, na manowari iliyoupiga tarehe 8 Agosti ilikuwa Astraea. Möwe ilikuwa meli ya kupimia bahari, na Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Chelezo nacho walikizamisha wenyewe mlangoni mwa bandari. Pegasus basi imepewa sifa za kazi ya wengine, na sehemu ya kazi hiyo ni ya adui. Mtu akisoma magazeti ya Agosti kwa mfuatano wa tarehe ndipo akayasoma ya Septemba, anaona jinsi tukio dogo lilivyotunishwa mpaka likafaa kusimama mbele ya hasara na kuifunika.

Hapo linakuja swali la walioachwa nje. Katika taarifa nzima mwanadamu mwenye jina ni mmoja tu, Kamanda. Hata wale walioishika bendera, ambao taarifa inawategemea, hawana majina. Mji wa Unguja umekuwa jina la bandari tu, mahali pa kutia nanga. Mji ambao alfajiri ile ulikuwa ukiamka kwa swala, ukaamshwa zaidi kwa mizinga, haumo. Hakuna aliyeona, hakuna aliyekimbia, hakuna mashua iliyokwenda kuokoa.

Mtu anayeujua utenzi wa vita wa pwani hii atashangazwa na ukimya huo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alipotunga utenzi wake kuhusu vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, naye alikuwa na manowari na mizinga ya kusimulia, lakini alisimulia akiwa upande wa nchi kavu, kwa watu wanaozungumza, wanaoshauriana na kubishana kabla ya kwenda vitani. Utenzi una upendeleo wake, na hausemi ukweli wote. Hilo halina ubishi. Ila upendeleo wake uko wazi, kwa kuwa mtunzi yumo ndani ya kauli zake. Taarifa ya wizara haina mtunzi. Inajifanya ni tarakimu zinazosema zenyewe, na tarakimu zenyewe hazikudumu: vitabu vya baadaye vinataja waliokufa 38 na waliojeruhiwa 55, kwani baadhi ya majeruhi wa siku ile walikuwa maiti wa siku zilizofuata.

Huenda ikaulizwa kwa nini habari ilitolewa haraka namna ile. Wizara hiyohiyo ilijua kunyamaza. Manowari kubwa Audacious ilipozama kwa bomu la baharini karibu na Ireland tarehe 27 Oktoba 1914, magazeti ya Uingereza yalizuiwa, na tangazo rasmi lilitoka tarehe 14 Novemba 1918, vita vikiwa vimekwisha, ingawa abiria wa Kimarekani walikwisha kuipiga picha. Kuonekana, basi, hakukutosha kuilazimisha wizara iseme. Audacious ilikuwa mpya na ilihesabika katika mizani ya nguvu. Pegasus ilikuwa chombo kikuukuu ambacho kupotea kwake hakukubadili hesabu. Hata hivyo ilizama mbele ya mji wa biashara wenye Wahindi, Waarabu, Wazungu na Waswahili, wenye majahazi yanayokwenda Mombasa, Bombay na Maskati. Habari ingesafiri na pepo hata kama London ingenyamaza. Watu wasiotajwa katika taarifa wana mkono katika kuwapo kwake.

Magazeti nayo hayakukaa nayo sana. Tarehe 22 Septemba nyambizi moja ya Kijerumani ilizizamisha Aboukir, Hogue na Cressy katika Bahari ya Kaskazini, wakafa watu 1,459, na siku hiyohiyo Emden ikayachoma matangi ya mafuta ya Madras. Kurasa zikahama. Unguja ikarudi kuwa mstari mdogo wa habari za meli, na hao mabaharia wakabaki Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Mizinga ya pande zote mbili ilitolewa majini ikapelekwa bara kupigana tena. Mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg iko Mombasa, katika Ngome ya Yesu, na msomaji anaweza kupima kwa mikono yake zile milimita chache.