Picha Yangu Nitaichukua Lini?

Sifa moja ya kamera za mkanda imerudiwa mpaka imechuja: eti zina roho, na picha ya simu haina. Vijana wenzangu wanaozinunua huitamka kama kiapo. Mimi nimenunua yangu mwaka huu, Yashica Mat-124 G, kwa laki mbili na nusu, kutoka kwa mpiga picha mstaafu aliyefunga studio yake hapa Morogoro ninaposomea shahada ya uzamili. Ninaipenda. Lakini hoja ya roho siikubali, na ninadhani inatuzuia kuona jambo lililo zito zaidi.

Chombo chenyewe ni hiki. Kilitengenezwa Japani kati ya 1970 na 1986. Kina lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Kinatumia mkanda wa 120, aina ambayo Kodak waliianzisha mwaka 1901, na kila mkanda hutoa picha 12 za mraba. Mraba mmoja wa negativu hiyo ni mkubwa zaidi ya mara tatu kuliko negativu ya milimita 35, na ubora unaosifiwa unatoka hapo, kwenye ukubwa.

Ukienda kununua, mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute ukungu. Kiswahili hulitumia neno hili kwa vitu viwili, na mji kasoro bahari umenifundisha sababu: unyevu uleule unaoifunika Lupanga asubuhi huotesha nyuzi nyeupe ndani ya kioo kilichofungiwa kabatini. Sikiliza pia spidi ya sekunde nzima, maana grisi ikikauka shata husuasua. Kipimamwanga kilitegemea betri ya zebaki ambayo siku hizi haitengenezwi, kwa hiyo mwanga ninaupima kwa programu ya simu. Naam, simu. Mkanda ninausafisha mwenyewe bafuni, na kwa kuwa dawa inataka nyuzijoto 20 na bomba letu linatoa maji ya uvuguvugu, kwanza ninakwenda dukani kununua barafu.

Sasa tuje kwenye studio, maana kamera hii ilitoka kwenye mojawapo. Fikiria Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Au Bamako, ambako Malick Sidibé alipiga sherehe za vijana usiku, kisha akabandika picha ndogondogo nje ya studio yake ili waliomo waje wajitafute, wachague na kuagiza. Katika studio za namna hii picha ilikuwa agizo. Mteja alikuja amevaa alivyotaka, akalipa, akapewa siku ya kurudi. Negativu ilibaki kwa fundi. Picha ilikwenda nyumbani na mwenye sura, akaiandika nyuma maneno ya ukumbusho na kumpa amtakaye.

Kisha tazama yaliyompata Seydou Keïta, naye wa Bamako. Mwaka 1991 picha zake zilioneshwa New York bila jina lake. Aliandikwa kama mpiga picha asiyejulikana. Baadaye jina lilipatikana, sifa zikamfikia, na picha ambazo wateja walizichukua zikiwa za kushika mkononi zikakuzwa kufunika kuta za majumba ya sanaa. Wahakiki wameandika mengi kuhusu jina lake lililokosekana. Mimi huwafikiria zaidi wale waliokaa kwenye kiti, ambao wengi wao hadi leo hutajwa kwa nguo walizovaa.

Ninayaleta haya Uluguru kwa sababu tunayarudia. Jumamosi vijana wenye kamera za mkanda hupanda njia ya Morningside, hukutana na akina mama wanaoshuka sokoni na matenga ya mboga kichwani, huwapiga, huondoka. Wiki chache baadaye uso wa mama uko mtandaoni na sifa za chembechembe na mwanga. Ukimpiga kwa simu, walau angeiona palepale na kusema, “Futa hiyo, nimefumba macho.” Mkanda umemnyima hilo, na sisi tumemnyima ile siku ya kurudi kuchukua.

Kuna wanaojitetea kwamba kamera hizi humlazimisha mpiga picha kuinamisha kichwa anapotazama ndani yake, na kwamba huko ni kumheshimu anayepigwa. Maneno matamu. Anainamia kioo, ambacho hata hivyo kinamwonesha mtu kulia kukiwa kushoto.

Hoja iliyo bora kuliko zetu zote niliisikia karibu na Choma. Nilimwamkia mama mmoja, akaitikia, akatua tenga lake na kuikagua Yashica.

“Kamera hii ninaijua, mwanangu. Nilipigwa nayo siku ya ndoa yangu, kule mjini.” Akajifunga khanga vizuri, akasimama wima, akaniacha nipige. Halafu akauliza, “Haya, picha yangu nitaichukua lini?”

Hakuuliza kama nina ruhusa ya kumpiga, wala picha itakwenda wapi. Alichokijua ni kamera ya namna ile na desturi yake, na kwa desturi hiyo nilikuwa nimeshapokea agizo. Nilimwambia Jumamosi ya pili, hapohapo njiani. Jumamosi hiyo alikuja na dada yake, naye amevaa vizuri.

Mkanda ule ulikuwa na picha 12. Mbili ni za mawe na maji, hazina mdai. Tisa zimeshafika kwa wenyewe. Moja ni ya mzee ambaye, nilipoipeleka, alikuwa amehamia kwa binti yake Matombo. Jirani ameipokea, akaichomeka juu ya mlango wake mpaka apatikane mtu wa kwenda huko.