Tisa walitibiwa, sisi tukasikia mmoja

Wandugu, leo sichambui kitabu wala filamu. Nachambua habari moja ya sayansi ambayo watu wanaisimulia mpaka leo: habari ya mtu aliyepona kansa ya ngozi kwa chembe za damu yake mwenyewe.

Habari hiyo si uongo. Nasema hivyo mapema sababu kwetu mtu akianza kukosoa, watu wanafikiri anakataa yote. Tarehe 19 Juni 2008, jarida la New England Journal of Medicine lilitoa makala ya timu ya daktari Cassian Yee, wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, Marekani. Mgonjwa alikuwa mwanaume wa miaka 52. Alikuwa na melanoma, ile kansa inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi, na ilikuwa imeshafika kwenye pafu na kwenye tezi ya kinena. Madaktari walichukua chembe nyeupe za damu yake, aina ya CD4, zinazotambua alama moja ya kansa inayoitwa NY-ESO-1. Wakazizalisha laboratwari mpaka zikafika kama bilioni 5, wakamrudishia mwilini. Miezi miwili baadaye, skanari haikuonyesha uvimbe tena. Baada ya miaka miwili, bado hakuwa na dalili.

Ndani ya makala ile kuna sehemu inayonivutia kuliko hiyo. Si chembe zote za uvimbe zilikuwa na ile alama, ni sehemu yake tu. Ata hivyo uvimbe wote ulitoweka. Walipopima damu, waliona mwili wa mgonjwa umeanza kushambulia alama zingine ambazo hakuna mtu aliyeufundisha. Ni kama askari wa kwanza walipoingia vitani, wakaamsha na wengine waliolala. Hilo njo wazo kubwa la makala, na waandishi walilisema kwa uangalifu.

Shida yangu iko kwenye safari ya habari, kutoka jarida mpaka kwetu. Mgonjwa yule alikuwa mmoja kati ya tisa waliokuwa katika jaribio lile. Makala ilieleza mtu mmoja, na haikuficha hivyo. Lakini njiani namba ya chini ya sehemu ilianguka. Tukabaki na "mmoja" bila "kati ya tisa". Tena hakukuwa na kikundi kingine cha kulinganisha, chenye wagonjwa kama yeye waliopewa dawa nyingine. Wewe ukipeleka TFC yenye mgonjwa mmoja na kuandika kwamba dawa inaponyesha, profesa atakurudisha nyumbani hata kabla ya siku ya kutetea. Mbona basi habari ile ile tunaimeza bila swali ikija na jina la Marekani?

Kosa la pili ni la lugha, na hili linatuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Madaktari wana hatua nyingi: uvimbe umepungua, uvimbe hauonekani kwenye skanari, mgonjwa ameishi miaka kadhaa bila ugonjwa kurudi. Sisi tunazitia zote ndani ya neno moja, "kupona". Mtu ambaye uvimbe wake umepungua kwa nusu, tunasema amepona. Akifariki mwaka unaofuata, tunasema amelogwa, ao hospitali imemuua. Neno lililokosewa mwanzoni linatafuta mwenye kosa mwishoni.

Sasa nilinganishe na makala nyingine, ambayo haikupata kelele nyingi huku kwetu. Ilitoka Desemba 2022 katika jarida lile lile, kazi ya madaktari wa Uholanzi na Denmark. Njia yao ni ndugu ya ile ya Seattle: hawatafuti askari ndani ya damu, wanakata kipande cha uvimbe na kuchukua chembe nyeupe ambazo zimeshaingia humo kupigana. Steven Rosenberg na wenzake wa Bethesda, Marekani, walitangaza matokeo ya kwanza ya njia hiyo kwa wagonjwa wa melanoma mwaka 1988. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka ipate mtihani wa kweli: wagonjwa 168, wakagawanywa kwa kura. Nusu walipewa chembe, nusu walipewa dawa inayoitwa ipilimumab.

Matokeo? Kwa waliopewa chembe, uvimbe ulipungua sana ao kutoweka kwa 49 kati ya 100. Kwa dawa, 21 kati ya 100. Kutoweka kabisa: 20 kati ya 100, dhidi ya 7. Muda wa kati kabla ugonjwa kusonga mbele ao mgonjwa kufariki ulikuwa miezi 7.2, dhidi ya 3.1. Huo ni ushindi. Lakini soma na upande wa pili: zaidi ya nusu, uvimbe haukupungua vya kutosha. Na wote waliopewa chembe walipata madhara makali, sababu kabla ya kupewa chembe mgonjwa anapigwa kemoterapi nzito, na baada yake anapewa dawa nyingine ya kuchochea chembe zile.

Makala hii haina shujaa. Ina jedwali. Na mimi naiona ni bora kuliko ile ya 2008, sababu inamwambia mgonjwa bahati yake ni ngapi na atalipa nini kwa mwili wake.

Kuna na malipo ya mfuko. Februari 2024, Marekani iliruhusu tiba ya aina hii, inayoitwa Amtagvi. Bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 515,000 kwa mgonjwa mmoja, bila kuhesabu hospitali. Katika jaribio lililoifungulia mlango, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 31.5 kati ya 100.

Kwa nini niwachoshe na hesabu hizi? Sababu sisi njo watu ambao familia inatutumia habari hizi: "Wewe si umesoma? Tuambie kama ni kweli." Nyuma ya swali hilo kunaweza kuwa na parsele inayotaka kuuzwa. Ukijibu "ndiyo" haraka, umeuza. Ukijibu "uongo wa wazungu", labda umemfungia mtu mlango. Jibu la msomi ni maswali: wangapi walitibiwa? Walilinganishwa na nani? Wanaita "kupona" nini? Waliteseka vipi, na bei ni gani?

Na usiache kuuliza mgonjwa mwenyewe yuko hatua gani. Tusifikiri melanoma ni ugonjwa wa weupe peke yao. Bob Marley aliyefariki Miami, 1981, alikuwa nayo, na ilianzia kwenye kidole cha mguu. Kwa watu weusi mara nyingi inatokea pale tusipoangalia: kwenye nyayo, viganja, chini ya ukucha. Alama nyeusi inayokua huko, ao kidonda kisichofunga, kinaweza kukatwa mapema na daktari, mbali kabisa na dola laki tano.

Kwa hiyo baba ao mama akikutumia habari ya mtu wa Seattle, msomee pamoja na wale wanane. Halafu mwambie avue kiatu, muangalie nyayo zake.