Mchezo wa Nani? Uhakiki wa Mabishano ya Wachezaji wa Counter-Strike

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukuta humu habari za diwani na tenzi, na huenda akastaajabu kuona leo nimeleta mchezo wa kompyuta, tena wa kupigana risasi. Sikuja kwa mzaha. Mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya tarawehe, nilikuwa barazani kwa dada yangu nikiwatazama wazee wakicheza bao. Upande wa pili wa baraza wapwa zangu wawili walikuwa wakibishana, mmoja anakaribia miaka arubaini, mwenziwe ana ishirini na kitu, na sauti zao zilipanda hata mzee mmoja akabaki na kete mkononi asijue aitie shimo gani. Waliponiona nimegeuka, mkubwa akasema: "Mjomba, wewe ndiye mtu wa mizani. Hebu tuamulie. Mchezo ukibadilishwa mapigo yake, ni ule ule au ni mwingine?"

Swali hilo nimelisikia maisha yangu yote, ila si kwa habari ya bunduki. Sikuamua usiku ule. Nilikwenda nikasoma mabishano ya wachezaji wa nchi mbalimbali, wapwa zangu wakinifafanulia msamiati, na makala haya ndiyo hukumu yangu iliyochelewa.

Kwanza mchezo wenyewe. Counter-Strike haukuzaliwa kiwandani. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le wa Kanada na Jess Cliffe wa Marekani, waliuchukua mchezo uliokwishatoka, Half-Life wa kampuni ya Valve, wakaufumua na kuushona upya, kisha wakautoa bure. Watu waliucheza, wakalalamika, wakapendekeza. Watunzi wakarekebisha, wakautoa tena. Hata uwanja wake mashuhuri kuliko vyote, Dust2 wa mwaka 2001, ulichorwa na Dave Johnston, Mwingereza ambaye hakuwa mwajiriwa wa kampuni bali mpenzi wa mchezo. Valve iliununua mwaka 2000 na kuwaajiri wale vijana wawili. Yakafuata matoleo: 1.6 mwaka 2003, Condition Zero na Source mwaka 2004, Global Offensive mwaka 2012, na Counter-Strike 2 mwaka 2023.

Kanuni zake ni chache. Timu mbili za watu watano watano. Upande mmoja unataka kutega bomu, wa pili unataka kuuzuia au kulitegua. Aliyekufa hafufuki mpaka duru iishe. Hukaa akawatazama wenzake. Kila duru ina hesabu yake ya fedha, na timu iliyofilisika aghalabu huingia duru moja na bastola tu ili duru inayofuata iweze kununua bunduki. Anayefyatua huku anakimbia hukosa. Sharti asimame kwanza. AK-47 ina risasi 30, na mwenye kuzimwaga zote huona zinapanda kisha zinayumba. Mchezaji hodari huufundisha mkono wake njia hiyo kwa miezi, hata akaweza kuivuta kinyume bila kufikiri. Mtu wa bao atalitambua jambo hili upesi: kanuni kali zisizo na huruma, na ndani yake uhuru usiokwisha. Ama habari ya umwagaji damu, wazee wanaoichukia wana haki yao, nayo yataka makala yake. Mimi nasema tu kwamba wachezaji huuzungumza uuaji huo kama watu wa bao wanavyozungumza kula kete.

Bishano la kwanza nililolikuta ni la fani. Source ilipotoka mwezi wa Novemba 2004 ilikuja na picha nzuri zaidi, maji yanayong'aa na mapipa yanayobingirika. Watu wa 1.6 waliitazama, wakasema kwamba bunduki zake hazina tabia walizozijua na kwamba mwendo wake umelegea. Kwa takriban miaka minane umma huu uligawanyika mapande mawili. Mashindano makubwa mengi yalibaki na 1.6, na machache, kama Championship Gaming Series ya Marekani ya 2007 na 2008, yakaichukua Source. Wala wahafidhina hao hawakuwa watumwa wa kila kilichokuwamo katika toleo lao. Ngao waliyopewa askari wa 1.6 waliikataa, na mashindano yakaipiga marufuku, ingawa ilitoka kwa mwenye mchezo mwenyewe.

Hapo nilihisi nimerudi nyumbani. Sisi tuliojifunza arudhi kwa kusikiliza, si darasani, tulikulia ndani ya mgogoro kama huo. Upande mmoja palikuwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954. Upande wa pili palikuwa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1974, kilichokuja bila vina wala mizani. Waliitana majina, wakanyimana hata jina la "ushairi". Lakini ndani ya matusi hayo mlikuwa na swali la haki: ni kipi katika kanuni kikiondolewa kitu chenyewe huondoka nacho? Wachezaji wa 1.6 na wa Source walikuwa wakiuliza hilo hilo, na wengi wao walikuwa hawajatimiza miaka ishirini.

Mwaka 2023 likaja bishano gumu zaidi, nalo ndilo lililowagombanisha wapwa zangu. Seva inayoendesha mchezo haioni mambo mfululizo kama jicho. Huhesabu kwa mapigo. Seva rasmi za Global Offensive zilipiga mapigo 64 kwa sekunde, ilhali wachezaji wa mashindano walizoea seva za watu wengine zenye mapigo 128. (Nambari ya 64 haikunishangaza, ndiyo idadi ya kete za bao.) Valve ilitangaza kwamba katika toleo jipya seva itaujua wakati halisi wa kila tendo, hata likitokea kati ya pigo na pigo, na kwa hiyo idadi ya mapigo haitakuwa na maana tena katika kutembea, kufyatua na kutupa. Wachezaji wengi wakajibu kwamba mikono yao inasema sivyo. Walilalamika kwamba risasi haziendi walikoelekeza, na kwamba wanauawa wakiwa wamekwishajificha nyuma ya ukuta.

Wapo waliowacheka kwa kuleta hisia mahali pa ushahidi. Mimi sicheki. Malenga husikia mshororo umepungua mizani kabla hajahesabu kwa vidole, na mkono uliofanya tendo moja mara elfu kumi una elimu yake. Hata hivyo sikio nalo hudanganyika. Mtandao ukichelewa, mtu hufa nyuma ya ukuta katika toleo lolote, na malalamiko hayo yalikuwapo tangu zamani. Tena umma huu una kumbukumbu fupi. Global Offensive ilipotoka mwaka 2012 ilitukanwa na pande zote mbili, watu wa 1.6 na watu wa Source, kwamba si hili wala si lile. Miaka kumi na moja baadaye toleo hilo hilo likaliliwa kama pepo iliyopotea. Mhakiki hana budi kuipima kwa mzani mzito hoja yoyote inayoanza na "zamani zetu", maana mara nyingi kinachosifiwa ni ujana wa msemaji.

Bishano la pili ni la mali. Mwezi wa Agosti 2013 Valve ilianza kutoa nakshi za silaha: rangi na michoro isiyoongeza nguvu ya bunduki hata chembe, lakini inauzwa na kununuliwa. Nyingi hutoka katika masanduku yanayofunguliwa kwa funguo za fedha, na mfunguaji hajui atapata nini. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya bahati nchini Ubelgiji waliamua kwamba masanduku hayo ni kamari, na sioni namna ya kuwapinga. Ni kweli pia kwamba fedha hizo zilijenga. Shindano kuu la kwanza la Global Offensive, lililofanyika Jönköping nchini Sweden mwishoni mwa 2013, lilikuwa na zawadi ya dola 250,000 zilizochangwa na wachezaji kwa kununua masanduku. Lakini tangu hapo neno "jamii" katika mabishano haya limekuwa likivaliwa na watu wa aina mbili. Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni iliporuhusu silaha tano za daraja la juu zibadilishwe kwa kisu au glavu, bei za visu zilianguka kwa kishindo, na kilio kikasikika kwamba mchezo umeuawa. Uwanja ulikuwa ule ule na risasi ni zile zile. Kilichoanguka kilikuwa ghala la mfanyabiashara, naye alikililia kwa sauti ya mchezaji. Anayesoma mabishano haya bila kuwatenganisha watu hawa wawili hatayaelewa.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa na haki kuliko yote na likapata wasikilizaji wachache. Counter-Strike 2 ilipotoka tarehe 27 Septemba 2023 haikuwekwa kando ya Global Offensive. Iliwekwa juu yake, mahali pale pale. Aliyefungua la zamani alikuta jipya. Mtindo wa Danger Zone ulitoweka, na baadhi ya viwanja vilivyopendwa havikuwamo. Kompyuta za Apple ziliachwa nje, pamoja na mashine kongwe za biti 32. Nakala ya zamani iliachwa kwa mlango wa uani, bila seva rasmi za kuwakutanisha wachezaji, na Januari 2024 uangalizi wake ukakoma. Lakini nakshi zote zilihamishwa salama, kila kisu na kila rangi, kwa mwenyewe. Hazina ilivushwa nzima, nyumba ikaachwa. Huku nyuma 1.6 na Source, matoleo makongwe zaidi, yaliendelea kuuzwa na kuchezwa.

Mwenye mchezo ana hoja, nami nitaitaja kwa uadilifu. Mchezo huu hauchezwi peke yako. Umma ukigawanyika, kila upande hukosa wa kucheza naye, na miaka minane ya ugomvi wa 1.6 na Source ilitosha kuwa funzo. Kumwingiza kila mtu nyumba moja kwa siku moja kulizuia mgawanyiko huo. Aidha mambo kadhaa yaliyokosekana yalirudishwa baadaye, kama uwanja wa Train mwezi wa Novemba 2024. Anayesema toleo jipya ni bovu kwa hiyo anashindana na kitu ambacho bado kinatengenezwa, na huenda muda ukamsuta.

Lakini malalamiko haya ni mawili. "Jipya ni baya" ni moja. "La kale halipo" ni lingine. La kwanza hutibiwa na marekebisho. La pili haliponi kwa marekebisho yoyote ya lile jipya, hata likawa zuri mara kumi. Nitalieleza kwa kazi yangu. Nikifasiri shairi, nabadilisha mapigo yake yote, maana lugha mbili hazipigi sawa. Wasomaji hunilaumu, na mara nyingine wana haki. Lakini lawama yao ina maana kwa sababu asili ipo rafuni: mtu huichukua, akailinganisha na tafsiri yangu, akasema hapa umepoteza, hapa umeongeza. Lau ningeichoma asili siku niliyochapisha tafsiri, nisingekuwa nimewashinda wakosoaji. Ningekuwa nimewanyang'anya ushahidi. Counter-Strike 2 ni tafsiri ya Global Offensive katika mtambo mpya. Wachezaji wanaosema "mkono wangu unakumbuka" wanalazimika kusema hivyo kwa kuwa kumbukumbu ndiyo karibu yote waliyoachiwa. Ndiyo maana mabishano yao yamekuwa makali na hayafiki mwisho: kila upande unashuhudia juu ya kitu kisichoweza tena kuletwa mbele ya baraza kikachezwa na watu kama kilivyochezwa.

Mgogoro wetu wa ushairi ulikomaa kwa sababu hakuna aliyeweza kuingia nyumbani kwa mwenziwe akamtolea diwani yake akamwekea nyingine. Kichomi kilikaa rafu moja na Sheria za Kutunga Mashairi, na mtoto aliyekuja nyuma akasoma vyote viwili, akachagua, au akachukua kwa huyu na kwa yule. Bao nalo halina mwenyewe. Ubao ukipasuka hutiwa mashimo mengine ardhini. Mchezo uliojengwa kwa malalamiko na mapendekezo ya maelfu ya watu wasiolipwa, na viwanja vilivyochorwa na wapenzi, ulistahili angalau heshima ya kuachiwa nakala yake nzima, yenye seva, hata ndogo.

Basi hukumu yangu kwa wapwa zangu ni hii. Mchezo ukibadilishwa mapigo huweza kuwa ule ule au mwingine, na hilo huamuliwa na wachezaji kwa kuulinganisha na wa kwanza, muda baada ya muda. Anayeuondoa wa kwanza hajalijibu swali, amelifuta.

Niliwaambia hayo juma lililofuata, barazani pale pale. Mdogo akasema mimi ni mtu wa vitabu na jambo hili nimelikuza. Mkubwa hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na kompyuta mbili kuukuu na waya mmoja, akaziunganisha bila intaneti, akafungua 1.6. Walicheza Dust2 wawili peke yao. Mdogo alifungwa duru sita mfululizo, akasema bunduki hizi hazina adabu, kisha akaomba warudie.