Bustani ya Stowe na Hoja Yake

Wengi huitazama bustani kama pambo la nyumba. Bustani ya Stowe, katika jimbo la Buckinghamshire nchini Uingereza, yakataa kutazamwa hivyo. Yataka kusomwa kama isomwavyo kazi ya fasihi. Mwenyewe, Richard Temple, Bwana Cobham, aliipinga serikali ya Robert Walpole mwaka 1733 kwa ajili ya ushuru wa bidhaa, akanyang'anywa kikosi chake cha askari. Ugomvi ulioanzia Bungeni akauhamishia bustanini.

William Kent alimjengea Hekalu la Wema wa Kale, zima na kamilifu. Karibu nalo likasimamishwa Hekalu la Wema wa Kisasa, lililojengwa makusudi kuwa gofu. Tashtiti hii haihitaji mfasiri: jicho hutoka penye uzima likaangukia ubovu, na maana yapatikana katikati. Ng'ambo ya maji zimepangwa sanamu 16 za Waingereza mashuhuri, miongoni mwao Milton, Shakespeare na Newton, zikilielekea hekalu la kale kana kwamba zalijibu.

Hizo ndizo sifa zake. Walakini Charles Bridgeman alichimba handaki mahali pa ua, ili malisho ya nje yaonekane kuwa yameungana na bustani. Ufundi huo wa kuficha mpaka waieleza Stowe nzima. Nyumba za kijiji cha Stowe ziliondolewa. Lilisalia kanisa, nalo likafichwa kwa miti. Katika sanamu zile 16 hapana hata moja ya mwanakijiji.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba si kazi ya sanaa kuhesabu waliohamishwa. Jibu ni kwamba kazi ihubiriyo wema yapasa kupimwa kwa mizani yake yenyewe. Cobham aliwashitaki watawala kwa kuusahau wema, naye akausahau mlangoni pake.

Mwaka 1848 madeni ya mrithi wake, Duke wa Buckingham, yalisababisha mali ya nyumba hiyo inadiwe kwa siku 40. Mwaka 1923 ikafunguliwa shule humo. Hekalu lililojengwa kuwa gofu sasa limekuwa gofu kweli, limebaki mawe tu. Kanisa lililofichwa lingali limesimama. Atakaye kuisoma Stowe sawasawa na aanzie hapo.