Pongezi kwa Majiko ya Sudan

Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wageni wengi wa mashirika ya kimataifa waliondolewa mjini katika muda mfupi. Waliobaki ni majirani. Vijana wa mitaa, wakiwemo waliopanga maandamano ya 2018 na 2019 dhidi ya serikali, walianzisha Vyumba vya Dharura, yaani vikundi vya kujitolea vya mitaani, na majiko ya pamoja: masufuria makubwa, kuni, dengu, na foleni ya watoto wenye mabakuli.

Nawavulia kofia. Benki nyingi zilipofungwa, fedha za ndugu walioko Ghuba na Ulaya zilipitia kwenye simu, kwa programu ya benki ya Bankak. Misaada ya chakula nayo ilikwama: kivuko cha Adré, mpakani na Chad, kilifungwa na wakuu wa serikali ya Sudan Februari 2024 na kufunguliwa tena Agosti, mwezi uleule baa la njaa lilipothibitishwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, Darfur. Malori ya misaada yakisubiri vibali, jiko la mtaa lilinunua kilichopatikana sokoni na kupika siku hiyohiyo.

Kazi hiyo imewagharimu. Wapo waliokamatwa, wakapigwa, hata kuuawa, kila upande wa vita ukiwashuku kuutumikia mwingine. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, mamia ya majiko yalizimika.

Mwaka huohuo walitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Walistahili kabisa. Natamani sasa wafadhili wawapelekee fedha moja kwa moja, bila kudai makaratasi ambayo muuza dengu wa Omdurman hana namna ya kuyatoa.