Futi Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Ujazo wa Mbao

Miongoni mwa istilahi zitumikazo kila siku na kuchunguzwa kwa nadra ni zile za vipimo vya mbao. Mfasiri aweza kutumia saa nzima akisaka neno la dhana ya falsafa, lakini afikapo penye neno "futi" hupita bila kusita, kwa kuwa limekwishazoeleka. Katika uhakiki huu twakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo ni chimbuko la makosa, na kwamba makosa yenyewe si ya lugha tu: yanamgusa mwenye msitu, mnunuzi na mtoza ushuru.

Tuchukue ubao mmoja wa mbili kwa nane, wenye urefu wa futi 12. Eneo la upande wake mpana ni futi za mraba 8. Ujazo wake ni futi za ujazo 1⅓. Na kwa kipimo cha wafanyabiashara wa Marekani na Kanada, ambacho msingi wake ni kipande chenye unene wa inchi 1, upana wa inchi 12 na urefu wa inchi 12, ubao huo huo huhesabiwa kuwa 16. Ubao ni mmoja, hesabu ni nne, na zote zaitwa "futi".

Kipimo hiki cha mwisho hufasiriwa mara nyingi kuwa "futi za ubao". Tafsiri hiyo twaiona kuwa na kasoro. Katika Kiswahili, tusemapo "meta za kitambaa" au "futi za kamba", msikilizaji huelewa urefu wa kitu kinachopimwa. Kwa hiyo "futi 16 za ubao" kwa fundi wa Keko ni urefu, hasa kwa vile yeye hununua mbao kwa urefu. Kihusishi "za" kimeligeuza jina la kipimo kuwa maelezo ya kitu.

Hatari huonekana wazi wakati wa kugeuza vipimo. Meta 1 ya ujazo ni sawa na futi za ujazo 35.3, lakini ni sawa na takriban 424 za kipimo hicho cha Kimarekani. Shehena ya 5,000 za kipimo hicho ni meta za ujazo 11.8. Mfasiri akiandika "futi za ujazo 5,000", shehena hiyo yageuka kuwa meta za ujazo 141.6. Kosa la neno moja limeizidisha mara kumi na mbili.

Kwa upande wa magogo, tatizo ni la siri zaidi. Kipimo cha Hoppus, kilichopewa jina la Mwingereza aliyechapisha majedwali yake mwaka 1736, hugawanya mzingo wa gogo kwa nne, huzidisha robo hiyo kwa yenyewe, kisha kwa urefu. Gogo lenye mzingo wa futi 6 na urefu wa futi 12 hupata 27 kwa njia hiyo, ilhali ujazo wake halisi ni futi za ujazo 34.4. Upungufu huo uliwekwa makusudi, kufidia kinachopotea gogo likichongwa mraba. Lakini mwenye kuandika "futi za ujazo 27" na kuzigeuza kuwa meta za ujazo 0.76, badala ya 0.97, amepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya gogo.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Ushuru wa magogo hutozwa kwa meta za ujazo, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji nafasi ya kusimamia misitu yao na kuuza mazao yake. Kijiji kikipewa mkataba wenye istilahi tata, hasara ni yake.

Wako watakaosema: tumia meta pekee, na suala limekwisha. Hoja hiyo ina nguvu katika kuandika nyaraka mpya. Haimsaidii mfasiri wa ankara ya kigeni wala msomaji wa daftari la zamani la misitu. Na madukani lugha ingali ya inchi na futi.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) "Futi" peke yake iwe ya urefu tu. Maneno "za mraba" na "za ujazo" yasiachwe kamwe.

(b) Kipimo cha Kimarekani kiitwe "futi-ubao", bila kihusishi, na maana yake, yaani inchi za ujazo 144, itajwe mara ya kwanza katika kila waraka.

(c) Kipimo cha Hoppus kiitwe "futi ya robo-mzingo".

(d) "Mbili kwa nne" na mfano wake yachukuliwe kuwa majina, si vipimo. Huko Marekani ubao wa jina hilo ukisharandwa huwa na milimeta 38 kwa 89. Basi tutofautishe "ukubwa wa jina" na "ukubwa halisi".

Istilahi hizi huenda zikaonekana nzito mdomoni. Lakini kazi ya istilahi ni kuzuia watu wawili wasitie sahihi waraka mmoja huku kila mmoja akihesabu mbao zake. Twawakaribisha walimu, wafasiri na maafisa misitu wazipime kazini na kutoa maoni yao.